Kisicho Ugali Si Chakula

Kaloleni, Kisumu
10 Machi 1968

Mdogo wangu Nekoye,

Nakusalimu wewe na watoto. Na kama yule ng'ombe aliyekukanyaga mguu bado hajachinjwa, msalimu pia, mwambie sina kinyongo naye. Sisi hapa tuko. Mvua imeanza mapema mwaka huu, na paa letu limeanza nayo. Agneta hajambo. Mama yake, Mama Dorca, bado anauza samaki kule Dunga na bado ananiita "mkwe" kwa sauti ya mtu anayemwita askari.

Sasa neno lenyewe. Ule uvimbe wa kinenani niliokuambia mwaka juzi kuwa utaondoka wenyewe umepata jina. Ni ngiri. Utumbo umejitafutia mlango wa kutokea na hauna adabu ya kubisha hodi. Mpasuaji huja hospitalini mara moja kila miezi mitatu, mzee mpole mwenye vidole vya fundi wa saa. Alinipima, akasema: "Bwana Laban, ratili mia mbili arobaini na tatu. Nikikupa dawa ya usingizi ukiwa hivi, kukulaza ni kazi rahisi, kukuamsha sijui. Shuka mpaka mia mbili na kumi, nitakupasua."

Nikamwuliza, nisiposhuka? Akasema siku utumbo utakapobanwa kwenye tundu lile nitakuwa na muda wa siku moja hivi, tena si siku ya kufurahia. Nao wakubwa wa gati wamesema watanisubiri hadi Desemba. Nisipokuwa nimepasuliwa, nitaagwa kwa barua.

Nawe unajua kazi yangu. Miaka kumi na minane ni karani wa mizani. Nimepima pamba, nimepima kahawa ya Bukoba, nimepima na maiti mmoja aliyesafirishwa kama mzigo. Sijawahi kuona mzigo uliopungua kwa kushauriwa.

Daktari hakueleza mengi. "Punguza chakula, kula vitu vya afya." Agneta amelipokea neno hilo kama limesomwa madhabahuni. Kuanzia kesho Jumatatu sitaonja ugali. Ugali ndio chakula, na chakula ndicho kinenepeshacho, hilo halihitaji shule. Sukari nayo imefukuzwa. Kwa hiyo nakuomba asali ya huko Elgon, ya kutia kwenye chai na uji. Asali ni dawa, wala haihesabiwi.

Andika kwa hati kubwa. Macho yangu yamechoka na vitabu vya gati, na barua sasa Agneta ndiye anayenisomea na kuniandikia.

Kaka yako,
Laban Wepukhulu


Kitale
2 Aprili 1968

Kaka Laban,

Mguu umepona. Yule ng'ombe alichinjwa mwezi wa pili, kwa hiyo salamu zako zimechelewa kidogo. Watoto wako shuleni, mkubwa ameanza kunisahihisha ninavyosema. Kaburi la baba yao tumelijengea kwa mawe kabla mvua haijazidi.

Huku ushirika umenipa kazi nyingine. Sikamui tena. Nachanganya chakula cha ng'ombe wa kunenepeshwa, wale wanaoletwa wakiwa mifupa, na kila Jumatatu nawapandisha kwenye mizani na kuandika. Basi ukoo mzima umekuwa wa mizani. Baba angecheka, kama angekuwa mtu wa kucheka.

Habari ya ngiri imenikalia kifuani. Nimeweka galoni moja ya asali kwenye basi la Jumanne, imefungwa kwa gunia, mdomo umezibwa kwa nta. Usiinamishe.

Nilikuwa na swali la kuuliza, nikaona karatasi imekwisha.

Wifi Agneta, unayesoma haya, hujambo? Mungu akupe nguvu na huyo mgonjwa.

Mdogo wako,
Nekoye


Kaloleni
5 Mei 1968

Mdogo wangu Nekoye,

Asali ilifika bila kumwagika, ingawa kondakta alishuka akilamba kidole. Asante sana. Jirani zetu wawili wamehamia Nairobi na wametuachia paka. Mama Dorca aliugua homa ya siku tano, akapona siku ya soko.

Leo natimiza wiki nane sijala. Nikisema sijala, elewa hivyo: tangu Machi kumi na moja tonge la ugali halijapita koo hili. Asubuhi nakunywa tu uji wa wimbi, mabakuli mawili, na maziwa, na vijiko vinne vya asali yako. Saa nne natafuna karanga anazonikaangia Mama Dorca, mfuko mmoja wa karatasi, kwa kuwa mafuta yake ni ya mmea, hayatoki kwa mnyama. Mchana ni parachichi mawili, au matatu kama ni madogo, na ndizi mbivu za kusindikiza. Nikirudi nyumbani Agneta amenikamulia machungwa kumi na mawili, nainua jagi hewani na kuliweka chini tupu. Usiku ni mboga tu. Zile za kwao, akeyo na osuga, zinazokaa jikoni siku tatu zikinyweshwa maziwa, halafu samli inakuja kuzifunika. Mboga tu, Nekoye. Kaka yako anaishi kwa majani kama mbuzi.

Na nalala na njaa. Bila ugali tumbo halina habari kwamba siku imekwisha.

Jana nilipanda mizani ya gatini, katikati ya marobota ya pamba. Mia mbili arobaini na tano. Nimewaandikia wakubwa nikiomba mizani ikaguliwe.

Agneta anasema neno "mbuzi" si la kuandikwa. Nimemwambia liko katika Biblia.

Kaka yako,
Laban


Kaloleni
16 Juni 1968

Mdogo wangu,

Barua ya Mei haijajibiwa. Nadhani posta ya Kitale nayo imeanza kufunga. Ninyi hamjambo? Mguu? Watoto? Hapa ziwa limejaa magugu mpaka mashua za Dunga zinatoka kwa kusukumwa.

Mizani ya gati imekaguliwa. Haina kosa.

Mpasuaji alikuja Jumanne. Mia mbili arobaini na sita. Aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, nambari ikabaki pale pale.

"Bwana Laban, unakula."

"Daktari, sili."

"Mzee, mafuta hayaletwi na upepo."

Agneta alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani. Akasimama. "Daktari, mimi ndiye ninayepika. Naapa kwa Biblia, mume wangu hajala tangu mwezi wa tatu." Wauguzi wakatazamana. Mmoja alicheka hadi akashika meza. Daktari akasema turudi Septemba, na kwamba kumdanganya daktari ni sawa na kumdanganya seremala anayekutengenezea kitanda. Sikumwuliza ni kitanda cha namna gani.

Agneta alilia kutoka hospitali mpaka Kaloleni, barabarani, mbele ya watu. Alikuwa ameapa kweli, na kweli yake imechekwa. Kesho yake mama yake alileta simsim iliyosagwa na kuviringwa na asali, eti nisiishiwe nguvu katika mapambano. Nilikula zote nane akiwa amesimama. Ungefanyaje?

Nijibu, hata mistari miwili.

Laban


Kitale
30 Juni 1968

Kaka Laban,

Unisamehe kwa kimya. Barabara ilikatika darajani, kisha mtoto wa pili akapata surua. Amepona, amebaki mabakamabaka kama kanga. Mahindi yamekuwa mazuri. Mzee jirani yetu amefariki, yule aliyekuwa akikuita Labani wa Raheli.

Nimesikitika kwa kilichotokea hospitalini. Wifi Agneta, pole sana, uliapa kwa unachokijua.

Sina ushauri. Basi nikueleze kazi yangu, labda itakuondolea mawazo. Ng'ombe wetu hufika mbavu zikihesabika. Tunawapa molasi, ile ya miwa, nyeusi na tamu sana. Tunawapa mashudu ya karanga. Ndama tunawapa maziwa yaliyobaki, wote tunawapa majani mazuri kadiri wanavyotaka. Baada ya siku tisini hawapiti mlangoni. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupewa ugali.

Uwafikirie ng'ombe hao, kaka, ukiwa umekaa peke yako.

Nekoye


Kaloleni
21 Julai 1968

Mdogo wangu Nekoye,

Pole kwa surua, pole kwa mzee. Habari ya ng'ombe Agneta aliisoma vizuri sana, tukacheka wote watatu. Mama Dorca anauliza mashudu hayo yanapatikana wapi, kwa maana kama yanawapa ng'ombe afya hivyo, huenda yakanifaa. Nimemwambia nitakuuliza. Nakuuliza.

Tumbo halina neno. Siku hizi napima mizigo nikiwa nimekaa kwenye sanduku, vijana wamenipa heshima hiyo kwa sababu ya umri. Nalala nimeinua miguu juu ya gunia lililojazwa pumba, ni baridi ya Julai tu.

Mizani inasema mia mbili arobaini na tisa. Sijui tena la kuacha. Nimeacha hata chai ya sukari ya misibani, naombewa maziwa.

Asali imebaki robo. Ukipata nyingine tuma, kwa kuwa nimeongeza kijiko cha tano. Naishiwa nguvu, mdogo wangu. Kufunga si kazi ya mtu wa miaka arobaini na tisa.

Laban


Kitale
4 Agosti 1968

Kaka,

Usiisome nyumbani. Nimempa Waliaula, dereva wa lori la mahindi la ushirika wetu, aje nayo mpaka gatini akutie mkononi. Ningeandika Kibukusu, mkeo angeiona na kusema namsengenya katika nyumba yake mwenyewe. Bora isifike mlangoni kabisa. Salamu za leo ni fupi: tu wazima.

Unakumbuka mwaka wa sitini na tano nilipokuja. Nilikaa jikoni kwa Agneta nikasema neno moja, kwamba samli imezidi. Alininyamazia mwaka mzima. Mama yake akatangaza Dunga yote kwamba dada wa mume amekuja kuhesabu vijiko. Ukanisindikiza stesheni, ukaniapisha nisiseme tena lolote juu ya chungu cha mkeo. Nimekitunza kiapo hicho miaka mitatu. Leo nimekivunja, na adhabu yake nitaijua mbele.

Laban, unakula. Unakula kuliko ulivyokula siku za ugali.

Sisi tumelelewa hivyo. Mtu atakula viazi vitamu sahani nzima, atakunywa maziwa, atatafuna mahindi ya kuchoma mawili, na akiulizwa atasema tangu asubuhi sijala. Anasema kweli yake. Lakini mwili haujui majina tunayovipa vyakula. Asali ni sukari, tofauti ni kwamba kiwanda chake kina mabawa. Machungwa kumi na mawili ungeyala kwa meno ungechoka kwenye la tatu, ukiyanywa yanapita yote bila kusalimiana na njaa. Karanga ndizo wanazokamua mafuta. Mashudu ni makapi ya hizo karanga, na makapi tu yanamjaza fahali, sembuse zenyewe. Parachichi ni siagi iliyozaliwa mtini. Zile mboga ni majani, ndiyo, lakini kila jani limebeba maziwa ya siku tatu na samli juu.

Si vitu vibaya. Mwanangu alipotoka kwenye surua nilimpa vyote hivyo na nikamshukuru Mungu. Lakini yeye alitakiwa kunenepa.

Lingine ni zito kuliko hayo. Nilijua tangu Mei. Barua yako ilinikuta nimefungua daftari la ng'ombe, nikaviweka pamoja mezani, chakula chao na chako, nikaona ni daftari moja. Nikanyamaza. Niliandika ile habari ya molasi nikitumaini utaelewa bila mimi kusema. Ukaniomba asali nyingine, na wiki iliyopita nimekutumia galoni ya pili. Nilituma nikijua. Nisingetuma ningeulizwa kwa nini.

Kula ugali, kaka. Tonge la ukubwa wa ngumi, na mboga za kuchemshwa kwa chumvi, na samaki wa kuchemshwa kwa maji. Kiu ikija, kunywa maji. Vingine mwambie mkeo kwamba daktari amekataza. Daktari ni mgeni, anaruhusiwa kukosea adabu.

Nekoye


Gatini, Kisumu
21 Septemba 1968

Mdogo wangu,

Nimeandika kwa mkono wangu, kwa hati kubwa, ndiyo maana karatasi ni nyingi.

Waliaula alivunjikiwa ekseli njiani, lori likavutwa Eldoret kutengenezwa, na barua yako ililala chini ya kiti wiki sita pamoja na spana. Ameniletea juzi Alhamisi. Ina mafuta ya grisi lakini inasomeka. Mpasuaji alikuja Jumatatu. Nilikuwa mia mbili hamsini na moja. Safari hii hakuniuliza kitu. Aliandika mstari mmoja, akaita mwingine.

Nimeisoma mara tatu nyuma ya marobota, kisha nikaichoma kwenye jiko la makuli. Ya ng'ombe nimeielewa sasa. Pole. Wewe ulikuwa unapiga ngoma, na mimi nimekaa nasifia ngozi yake.

Sina hasira nawe. Ningekuwa na hasira ningeianzia kwangu, niliyepima kila kitu kilichoingia katika gati hili isipokuwa kilichoingia mdomoni.

Lakini kumwambia Agneta siwezi. Mwanamke yule anaamka alfajiri kutafuta machungwa yaliyoiva. Alipoona nambari inapanda aliongeza, akidhani upungufu umetoka kwake. Jagi lilikuwa moja, sasa ni mawili. Nikimwambia leo kwamba kila jagi lilikuwa tofali, atayaweka wapi matofali yote hayo? Na vya mama yake havirudishwi. Kule kwao mkwe akirudisha bakuli lina kitu ndani, ni kama amerudisha na binti.

Nimefanya mpango. Mchana nitakula na makuli hapa, ugali wa ngumi na sukuma wiki ya chumvi, kama ulivyosema. Nyumbani nitaonja tu, niseme tumbo limejaa gesi. Karanga zitapata wenye meno mazuri kuliko yangu.

Wakubwa wamekubali Desemba iwe ya mwisho. Mpasuaji anakuja tarehe kumi na sita.

Ukiandika nyumbani, andika habari za mvua.

Laban


Gatini
16 Novemba 1968

Mdogo wangu Nekoye,

Barua yako ya mvua ilisomwa nyumbani kwa heshima zote. Watoto wako wazidi kufaulu. Hapa kipupwe kimekwisha, mbu wamerudi kazini.

Mia mbili ishirini na nane. Nimeirudia mara mbili. Makuli walipiga makofi, mmoja akauliza kama napungua au naibiwa.

Lakini sikiliza kilichotokea. Mume anayerudi nyumbani jioni na kula vijiko viwili, watu watasema ana gesi? Wiki ya tatu tu, wanawake wa bombani walikuwa wamekwisha kunijengea nyumba ya pili huko Awasi, na jiko, na mpishi mwembamba. Mama Dorca akaja na shangazi wawili. Hakukaa.

"Mkwe, sufuria ya nani imekuwa tamu?"

"Mama, hakuna sufuria."

"Mtu hashibi hewa. Binti yangu anapika, unarudisha. Kama umemchoka, useme, tuna mlango kwetu."

Agneta alikuwa amesimama ameshika pazia. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. Aliuliza polepole, "Baba, chakula changu kina nini?"

Hapo kweli ilinifika kwenye meno. Nikaitazama, nikaona itakwenda kukaa wapi. Nikasema: chakula chako hakina kitu. Mimi ni mwongo. Tangu Machi nakula ugali gatini kila mchana, na nyama ya nguruwe yenye mafuta, na chapati. Ndiyo maana nilipanda. Sasa nimetubu, nataka kula kidogo kila mahali, ndiyo maana narudisha.

Agneta akaliachia pazia. Kisha akasema, "Nilimwapia daktari kwa Biblia." Akaingia ndani. Wiki mbili sasa hajaniambia zaidi ya "maji haya hapa." Ananisukumia bakuli dogo kwa vidole viwili, na hakuna dawa iliyonisaidia mwaka huu kuliko vidole hivyo. Mama Dorca amesusa. Karanga hazijaja tena.

Usinihurumie. Hasira ni nyepesi kuliko hatia. Nimezipima zote mbili, ni kazi yangu.

Zimebaki ratili kumi na nane na mwezi mmoja. Naweza. Ila ule uvimbe siku hizi haurudi ndani kwa kubembelezwa. Jana ulikataa mpaka jua likazama. Sijamwambia mtu, nawe hujausoma mstari huu.

Mambo yakienda kombo, Agneta atakuja kukuuliza wewe. Haamini mtu mwingine juu yangu. Sema nilikuwa mlafi. Usipambe, utakosea, wewe si mwongo mzuri. Mlafi, basi.

Kaka yako,
Laban


Kitale
5 Januari 1969

Wifi Agneta,

Nakupa pole tena kwa maandishi, ingawa tulishikana mikono kaburini. Watoto wamekusalimu, wanakuuliza. Nafurahi kusikia kwamba Mama Dorca amehamia hapo nawe kwa muda, na kwamba baraza la mji limekuachia nyumba mpaka Machi.

Barua yako niliisoma peke yangu. Sikujua kwamba alianguka kando ya mizani asubuhi ile ya Desemba mbili, akawaambia makuli ni gesi, akakaa juu ya sanduku hadi jioni akingoja ipite. Sikujua pia kwamba alikuwa mia mbili ishirini na mbili. Asante kwa kuniandikia nambari. Yeye angetaka iandikwe.

Umeniuliza mambo mawili.

La kwanza ni barua ambayo Waliaula alimpelekea gatini mwezi wa tisa, ile kuli mmoja amekuambia aliichoma. Ilitoka kwangu. Ilikuwa ya mpaka wa shamba la baba, kulikuwa na ugomvi na majirani, naye hakutaka ukusumbue. Umekwisha.

La pili ni lile neno la daktari wa zamu, kwamba alipompasua usiku ule mafuta ya tumbo yalimchelewesha mkono. Unasema usiku unavihesabu upya: uji, machungwa, parachichi, mboga. Unasema alikiri mwenyewe mambo ya ugali na nguruwe, lakini ulipowauliza makuli, wamekuambia hakuwahi kula nao kabla ya Septemba. Unataka mtu aliyemjua tangu utoto akuambie.

Makuli hubadilishwa kila mwezi, wifi, hawawezi kujua. Mimi ninajua. Kaka yangu alikuwa mlafi. Alikuwa akila kwa siri tangu tukiwa watoto, na akiulizwa anakana mpaka machozi yanamtoka. Mama yetu alimpiga sana kwa hilo, hakuacha.

Chakula chako hakikuwa na kitu. Acha kuhesabu. Na usiniandikie tena kuniuliza hilo, kwa sababu kila utakaponiuliza nitakujibu hivi hivi.

Wifi yako,
Nekoye